Nyuzi Thelathini na Saba

Saa tisa kasoro dakika tano alasiri mpimaji aliegesha gari la idara mbele ya duka la fundi cherehani, akafungua mwavuli, akahesabu hatua arobaini mpaka kwenye kisanduku. Kilikuwa kisanduku cheupe cha mbao zilizopangwa kwa mlazo, ili upepo upite na jua lisipite, na kilisimama juu ya miguu minne ya chuma usawa wa kifua cha mtu mzima. Alikifungua kwa ufunguo alioutundika shingoni. Akabana pumzi, kwa sababu pumzi ya mtu huharibu kipimo, akasubiri dakika mbili, akasoma. Nyuzi arobaini na tatu nukta nne. Akaandika 43.4 kwa kalamu ya wino, akafunga, ndipo akaamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Baba yake alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Alikuwa fundi wa kupaua, na saa nane mchana wa mwezi wa sita alikaa juu ya mabati ya ghala kupumzika kidogo, hakuinuka tena. Karani wa kliniki aliandika kwamba moyo ulisimama. Hakusema uongo, moyo ulisimama kweli. Alikuwa akiandika hivyo kwa kila mtu aliyeletwa kutoka mtaa ule, na kwa mwaka waliletwa wanane au tisa, wote mafundi na vibarua, wote wakiwa na mioyo iliyosimama kati ya saa saba na saa kumi.

Waliokufa kwa joto hurudi mwezi wa sita, jua linapoanza kuuma, na huondoka mwezi wa tisa. Mtaani watu walilizoea jambo hili mapema. Marehemu hawali, hawaombi kitu, hawamzibii mtu mlango. Kitu kimoja tu kinawatofautisha na walio hai: wana nyuzi thelathini na saba kamili, joto la mtu mzima mwenye afya, na hawapandi wala hawashuki. Kwa mtaa ambao ukuta wa nyumba ukiugusa saa tisa unakutoa ngozi, mtu wa nyuzi thelathini na saba si haba. Ndicho kitu cha baridi kuliko vyote kwa umbali wa kilomita tatu. Akina mama waliwalaza wachanga miguuni mwao. Wazee waliegemea mapaja yao na kusinzia. Fundi cherehani alihamishia mashine yake nje, akakaa na mgongo wake kwenye kifua cha marehemu mumewe, mchomeleaji, akashona kutwa nzima.

"Alipokuwa hai sikuwahi kumpata nyumbani mchana," alimwambia mpimaji. "Sasa yupo asubuhi mpaka jioni. Ndoa imetengemaa."

Marehemu mgeni, aliyekufa msimu huo huo, ana tabia yake. Akishasimama mahali, hahami kwa wiki nzima. Anaduwaa. Unaweza kumsemesha mpaka koo likauke, unaweza kumsukuma, ni kazi bure. Wiki ikiisha anaanza kutembea kama wenzake.

Mwaka jana walikuwa wamesimama ovyo, kila mmoja na kona yake. Mwaka huu wote kumi na saba walisimama kukizunguka kisanduku, bega kwa bega, na baba yake mpimaji ndiye aliyekuwa karibu zaidi, nyundo yake bado kiunoni. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Inafaa kueleza kisanduku kilivyofika pale. Kwa miaka mingi joto la mji mzima lilipimwa mahali pamoja tu, kwenye bustani ya idara, juu ya majani yanayomwagiliwa maji mara mbili kwa siku. Jangwa limeuzunguka mji pande zote, wala mvua hainyeshi mpaka watu waisahau, lakini kwa mujibu wa daftari mji ulikuwa na hali ya hewa ya bustani. Mpimaji aliandika barua miaka minne. Alieleza kwamba lami, saruji na mabati hulimeza jua mchana kutwa na kulitapika jioni. Kwamba viyoyozi vya maghorofa humwaga joto lao mitaani kwa wasio na viyoyozi. Kwamba kwa hiyo katikati ya mji lazima kuwe na joto kuliko mchanga mtupu wa uwanja wa ndege. Ofisini jambo hili lina jina, linaitwa kisiwa cha joto. Mtaani haliitwi chochote, watu wanakaa humo tu. Mwezi wa nne mwaka huu walimpa kisanduku kimoja, labda kwa kuchoka kusoma barua.

Pamoja na kisanduku ilikuja sheria. Mtaa ukifika nyuzi arobaini na tano saa tisa alasiri, siku tatu mfululizo, king'ora kitalia, na kuanzia hapo mpaka msimu uishe hakuna mtu atakayeruhusiwa kufanyishwa kazi juani kati ya saa sita na saa kumi. King'ora kilifungwa juu ya nguzo na kujaribiwa mara moja. Mdogo wake mpimaji, aliyekuwa akimwaga lami barabara ya tatu, alikisikia akiwa kazini, na wenzake walisema alipiga makofi.

Hesabu ya mpimaji ilimwambia mtaa ule una nyuzi arobaini na tano na nukta moja, labda mbili. Alitembea mpaka mwisho wa mtaa na kipimo cha mkononi, nacho kikamwambia hivyo hivyo. Lakini kipimo cha mkononi hakina muhuri, wala idara haikitambui. Kinachotambuliwa ni kisanduku, na kisanduku kilikuwa kimezungukwa na watu kumi na saba wa nyuzi thelathini na saba, ambao kila mmoja alikipunguzia nukta moja. Mtaa wa mabati ukawa na ubaridi kuliko uwanja wa ndege, nje ya mji, ambao kipimo chake wenyewe kilisoma arobaini na tatu nukta sita. Kudanganya hakukuwezekana pia. Ndani ya kisanduku mlikuwa na karatasi iliyozungushwa kwenye mkebe, na kalamu nyembamba iliyochora joto saa baada ya saa, na karatasi hiyo ilikwenda kwa mkuu ikiwa imefungwa lakiri.

Jioni alipita nyumbani. Mdogo wake alikuwa amekaa katikati ya chumba, kwa sababu kuta zilikuwa bado zinatema jua la mchana na hazikuegemeka. Alikunywa maji, akayatapika, akanywa tena. Ngozi yake ilikuwa kavu kama karatasi. Mpimaji akamwekea kipimo kwapani.

"Hata mimi unanisoma, dada?"

"Nyamaza. Thelathini na tisa nukta nne."

"Basi nipigie king'ora."

Dada mtu hakucheka. Alimwambia kesho asiende. Mdogo wake akamjibu kwamba asipokwenda kesho, keshokutwa watamkuta mtu mwingine ameshika koleo lake, na huyo mtu naye ana dada. Lami ikimwagwa huwa na nyuzi mia na hamsini, na wanaoisawazisha hutembea juu yake na buti. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mpimaji alimlea tangu mama yao alipofariki, na hakuwa na mwingine aliye hai.

Asubuhi alikwenda kwa mkuu wa idara. Nyuma ya mgongo wake walimwita Bwana Nukta, kwa kuwa hakuamini kitu chochote kisichokuwa na namba baada ya nukta. Chumba chake kilikuwa na nyuzi ishirini na moja nukta tano na alivaa sweta.

"Kituo changu kimezungukwa na marehemu, mkuu," mpimaji alisema. "Wanashusha kipimo. Naomba tuwatoe kwenye hesabu."

Bwana Nukta alichukua kitabu cha mwongozo, akasoma kwa kidole. Kituo kiwe mbali na kuta, miti, magari, mabomba ya maji na mashine zinazotoa moshi. Akageuza ukurasa. Akarudi nyuma kurasa mbili, kwa sababu alikuwa mtu wa haki.

"Marehemu hawamo," alisema.

"Hawamo kwa sababu aliyeandika hakuwafikiria."

"Binti yangu, kipimo kinapima kilichopo. Wapo?"

"Wapo."

"Basi wamepimwa." Akafunga kitabu. "Na tena ujue, wakubwa wamefurahi. Ule mpango wa kupanda miti mtaani kwenu nimeshauondoa. Mtaa umepoa wenyewe, miti ya nini?"

Mpimaji alitoka akiwa na hasira iliyomfanya asahau mwavuli. Aliurudia, akaaga kwa heshima, kwani kazi ni kazi.

Saa tisa alisoma 43.4, akaandika, akafunga. Halafu, badala ya kuondoka, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, naomba msogee."

"Tusogee wapi?"

"Mwisho wa mtaa, nyuma ya ukuta wa ghala. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi. Siku tatu tu."

Baba yake alimtazama. Hakuwa mtu wa maneno mengi alipokuwa hai, na kifo hakikumwongezea. "Wewe ndiye uliyesema kipimo hakitakiwi kupigwa jua," alisema. "Ulipokuwa unasoma. Ulikileta nyumbani, mimi nikakiacha juu ya bati, ukanigombeza mbele ya wageni. Sijasahau. Sasa nimekuona hapa kila siku na mwavuli wako, peke yako. Nikawaambia wenzangu, tumkingie mtoto chombo chake."

Mpimaji aliona aibu, akakosa pa kuangalia. Ni kweli alimgombeza. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alijiona mjuzi wa kila kitu. Alimweleza baba yake polepole, kuhusu mbao za mlazo, kuhusu nyuzi arobaini na tano, kuhusu mdogo wake aliyeacha kutoka jasho. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe tunaharibu," alisema.

"Hukujua, baba."

"Sikujua. Tutasogea."

Waliobaki kuombwa ni walio hai, na hao walikuwa wagumu zaidi. Fundi cherehani alisimamisha mashine. "Na sisi tuegemee nini?"

"Saa mbili tu kwa siku, mama. Siku tatu. Mkivumilia, king'ora kitalia, na mwakani hawataongezeka wengine."

"Jua la saa nane bila mume." Alimfuta mumewe vumbi la mabega, akamgeuza kuelekea ghala. "Haya, nenda. Lakini usizoee huko."

Siku ya kwanza, saa nane kamili, marehemu kumi na saba walipanga mstari mmoja wakaenda nyuma ya ukuta wa ghala. Mtaa ukabaki mweupe kwa jua. Wachanga walianza kulia karibu kwa pamoja. Ajuza mmoja alizimia kwenye kiti, wakammwagia maji ya kufulia. Saa tisa mpimaji alibana pumzi, akasoma arobaini na tano nukta moja. Alifurahi, na mara akasikia vilio vya watoto nyuma yake, akajichukia kwa ile furaha. Akaandika.

Siku ya pili ilikuwa arobaini na tano kamili. Bwana Nukta alipiga simu kuuliza kama kipimo kimeharibika. Alijibiwa kwamba ni kizima. Akasema atatuma fundi wa umeme akague nyaya za king'ora, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, na sheria ikishafika haina budi kufuatwa.

Jioni ile mdogo wake alikuwa na nyuzi thelathini na tisa nukta nane. Alikuwa akirudia maneno, na koleo lake alilileta mpaka chumbani akalilaza kando yake.

"Kesho, eti?"

"Kesho saa tisa."

"Nitakisikia nikiwa barabarani?"

"Utakisikia. Ukikisikia tu, tupa hilo koleo uje. Hata wakikuita usigeuke."

"Nataka nikisikie nikiwa karibu," alisema. "Ile siku ya majaribio kilinipita haraka."

Asubuhi alimwomba asiende. Aliomba mara tatu, na mara ya tatu alishika buti moja akalificha nyuma ya mlango kama walivyokuwa wakichezeana utotoni. Mdogo wake alilipata. Yalikuwa yamebaki masaa tisa tu, alisema, na mtu hawezi kushindwa na masaa tisa.

Siku ya tatu, saa tisa kasoro dakika tano, mpimaji aliegesha gari, akafungua mwavuli, akahesabu hatua. Marehemu walikuwa wameshaondoka saa nane kama walivyokubaliana. Watu wa mtaa walikuwa wamekaa vizingitini wakiangalia nguzo ya king'ora, na fundi wa umeme alikuwa chini yake na mkono karibu na swichi. Kando ya kisanduku alisimama mtu mmoja, amempa mgongo, mwenye kizibao cha njano na koleo mkononi.

Alikasirika kwanza. Alidhani mdogo wake ametoroka kazini mapema, na mwili wa aliye hai nao huharibu kipimo. "Toka hapo," alimwambia. "Utaniharibia." Mdogo wake hakusogea. Muda ulikuwa umefika, na kazi ina utaratibu wake. Mpimaji alifungua kisanduku, akabana pumzi, akasubiri dakika mbili, akasoma.

Arobaini na nne nukta tisa.

Alisoma tena. Kisha akaweka mgongo wa kiganja kwenye shingo ya mdogo wake, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto na homa. Hakuhitaji chombo. Zilikuwa thelathini na saba kamili. Homa yote ilikuwa imemwisha.

"Kimelia?" mdogo wake aliuliza.

"Bado."

"Nitasubiri."

"Sogea kidogo, mdogo wangu. Sogea tu mpaka pale dukani."

"Nitasubiri hapa hapa."

Idara inaruhusu kipimo kurudiwa mpaka saa tisa na dakika tano. Mpimaji alitupa mwavuli, akamshika kizibao kwa mikono miwili, akavuta. Fundi cherehani alikuja akamshika mkono wa pili. Wakaja wengine, wanaume wawili wenye nguvu, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, hata fundi wa umeme aliacha swichi yake. Mdogo wake hakukataa na hakusaidia. Aliangalia juu ya nguzo, buti zake zimeganda mahali pamoja, na bado zilikuwa na lami mbichi. Ndani ya kisanduku kalamu nyembamba ilichora mstari wake. Saa tisa na dakika tano ikapita. Mmoja mmoja wakamwachia, wakafuta mikono.

Aliokota daftari, akaandika 44.9 kwa wino.

Bwana Nukta alipopigiwa simu alisikitika kweli, sauti yake ilionyesha. "Nukta moja tu," alisema. "Basi hesabu inaanza upya." Kliniki nayo ilikuwa imeshamaliza. Karani aliandika kwamba moyo ulisimama saa nane na nusu.

Saa kumi marehemu walirudi kutoka nyuma ya ghala. Baba mtu alimwona mwanawe kando ya kisanduku, akapunguza mwendo, akaja akasimama upande wake wa kulia, bega kwa bega. Alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye buti.

"Umekula?" alimuuliza.

"Bado, baba."

Mpimaji alikaa chini juu ya changarawe akalia mpaka fundi cherehani alipokuja kumwinua.

Wiki ilipoisha mdogo wake akawa anatembea, na mpimaji akaomba siku tatu nyingine. Watu wa mtaa walikubali shingo upande. Siku ya kwanza ilisoma arobaini na tano nukta moja. Siku ya pili, saa nane na dakika ishirini, kibarua wa kubeba saruji alikuja kusimama kando ya kisanduku, ameduwaa, akiuliza kama kimelia. Baada ya huyo alikuja fundi wa kupaka rangi. Baadaye alikuja mwanamke aliyekuwa akifagia kituo cha mabasi. Habari za king'ora zilikuwa zimeenea barabara zote, na kila aliyekufa juani alitaka kukisikia akiwa karibu. Ikafika mahali fundi cherehani akasema basi, mumewe hasogei tena, na hakuna aliyembishia.

Mwezi wa nane walikuwa ishirini na wanne. Ripoti ya idara ilitoka ikiwa na picha ya kisanduku kwenye jalada. Ilisema mtaa ule umekuwa kisiwa cha ubaridi, cha kwanza katika jangwa lote, na kwamba sababu zake zitachunguzwa pesa zikipatikana. Fundi wa umeme alikuja akateremsha king'ora, kikapelekwa bandarini kulikokuwa na uhaba wa ving'ora.

Mdogo wake bado anauliza kila siku, na kila siku dada yake humjibu kwamba bado.

Alasiri moja ya mwezi ule mpimaji aliegesha gari, akahesabu hatua arobaini, akapita katikati ya watoto waliolala na wazee wanaosinzia, akaomba radhi kwa aliowakanyaga. Alibana pumzi, akasoma, akaandika 42.7. Akafunga kisanduku kwa ufunguo. Akamwamkia baba yake, akaulizwa kama amekula. Kisha akakunja mwavuli, akaweka paji la uso kwenye bega la mdogo wake, kama wanavyofanya wote mtaani, akakaa hivyo dakika kadhaa kwa sababu palikuwa na nafuu.